Mama Mashimo na Majumba Yetu Sita ya Sinema

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu asubuhi ya leo mkaja kukaa nasi, mimi ndiye kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma nisome historia ya maisha yake, kazi ambayo nilijaribu kumsukumia mdogo wangu kwa sababu yeye ni mwalimu na amezoea kusimama mbele za watu, lakini akanijibu kwamba kuna sehemu moja ya historia hii ambayo haiwezi kusomwa na mtu mwingine isipokuwa mimi, na nilipofikiri nikaona amesema kweli. Naomba mnivumilie tutakapofika hapo. Naomba pia mnivumilie kwa wingi wa tarehe, maana marehemu aliacha karatasi kwenye droo ya kando ya kitanda, ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, inasema, "Siku yangu ikifika msije mkasema 'mnamo miaka ya sabini.' Miaka ya sabini ilikuwa kumi. Semeni ni upi."

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 9 Mei 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha zimamoto, akiwa mtoto wa pili na kitinda mimba wa dobi mmoja na mkewe, watu ambao ua wao ulijaa kamba za nguo kutoka ukuta hadi ukuta, kiasi kwamba mgeni aliyetaka kubisha hodi ilimbidi kwanza ainame chini ya mashuka ya watu. Jina la Mama Mashimo, ambalo wengi wenu ndilo mnalolijua, hakuzaliwa nalo, nitalieleza mahali pake. Alianza darasa la kwanza Januari 1957, akamaliza darasa la nane Novemba 1964, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia Januari 1965 hadi Novemba 1968, na katika ripoti yake ya mwisho, ambayo tumeikuta safi kama ya jana, mwalimu wa darasa ameandika, "Hesabu anaziweza, ila anauliza mno," na kila aliyewahi kuishi naye atakubali kwamba mwalimu huyo hakumwonea.

Miaka ya utoto wake mji wetu ulikuwa na majumba sita ya sinema, na vijana mlioko hapa msidhani natia chumvi, yalikuwa sita, wala hakuna aliyeyaita kwa majina yaliyoandikwa kwa taa juu ya milango. Kulikuwa na sinema ya Sokoni, iliyonukia vitunguu hata pale mapenzi kwenye filamu yalipokolea, kulikuwa na ya Ngazi, ambayo wazee waliihama kwa ajili ya magoti yao, kulikuwa na ya Mapacha, yenye milango miwili inayofanana, mmoja wa kuingilia na wa pili ambao haukuwahi kufunguliwa, kulikuwa na ya Nje, isiyo na paa, ambako mvua ikinyesha watu walijitwika viti vichwani wakaendelea kutazama, kulikuwa na ya Kunguni, ambayo haihitaji maelezo, na kulikuwa na ya Saa Mbovu, kubwa kuliko zote, viti mia saba na kumi na viwili, yenye saa ukutani juu ya mlango iliyosimama saa kumi na dakika ishirini na isitembee tena. Mama aliingia sinema mara ya kwanza Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1959, onyesho la saa tisa alasiri, ya Sokoni, safu ya tano, akiwa ameshikwa mkono na dada yake, yaani mama mkubwa wetu, na alituambia kwamba hakumbuki filamu yenyewe ilihusu nini, anakumbuka tu kwamba bwana mmoja mnene wa safu ya mbele alicheka mpaka kiti kikavunjika, na ukumbi mzima ukamcheka yeye mpaka hakuna aliyejua tena filamu imefika wapi.

Jumatatu ya tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa na shirika la umeme kuwa karani wa masijala, akapanga mafaili kwa miaka minne na nusu, hadi Agosti 1973, pale msoma mita wa njia namba sita alipoteleza kwenye ngazi akavunjika mguu, na mkuu wa ofisi akaja masijala akauliza kwa mzaha kama yupo mwanaume humu anayeweza kutembea. Mama alisimama akasema, "Mwanaume hayupo, lakini anayeweza kutembea yupo." Alipewa njia hiyo ashikilie kwa wiki sita, naye akaishikilia karibu miaka thelathini na miwili, akapita kila mwezi kwenye maduka, viwanda vidogo, nyumba za watu na hayo majumba sita ya sinema, yote yakiwa ndani ya njia namba sita, akiwa na sare ya kijivu, tochi, na kitabu cha shirika kilichofungwa kwa mpira.

Ndivyo alivyokutana na baba yetu, ambaye alikuwa fundi cherehani, na aliyemsimamisha mlangoni akidai kwamba mita ya karakana yake inakimbia kuliko cherehani zake, wakabishana, akarudi mwezi uliofuata wakabishana tena, na mwezi wa tatu Baba akaona afadhali wakabishanie sinema. Sasa Baba, Mungu amrehemu, alikuwa na kipaji kimoja ambacho katika mji huu hakikuwa na mpinzani, nacho ni kulala sinema, taa zikizimwa tu yeye tayari amekwenda, na njiani kurudi ilikuwa kazi ya Mama kumsimulia filamu yote mwanzo hadi mwisho, huku yeye akiuliza maswali na kushangaa, na kesho yake akiwasimulia wateja kana kwamba ameiona kwa macho yake. Ndoa yao ilifungwa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1974. Walijaliwa watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1975, na mdogo wangu aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1979, na sisi tumewaletea wajukuu watano. Katika madaftari ya Mama, ambayo nitayaeleza sasa hivi, kila jumba la sinema lina mstari wake unaosomeka, "Mume wangu alilala hapa," ukifuatiwa na tarehe na namba ya safu.

Madaftari hayo yalianza hivi. Tarehe 2 Oktoba 1985 mama mkubwa alifariki dunia, na Mama, ambaye hakuwa na ndugu mwingine wa tumbo moja, baada ya siku chache alirudi kazini, akapika, akatufulia sare, maisha yakaenda. Jumanne ya tarehe 11 Februari 1986 aliingia sinema ya Sokoni, iliyokuwa imefungwa na kukatiwa umeme tangu Juni 1983 na sasa umerudishwa, ili asome mita iliyokuwa mwisho kabisa wa ukumbi, nyuma ya mahali palipokuwa na pazia la kuonyeshea filamu, akakuta ukumbi wote umejazwa mifuko ya saruji, imebaki njia nyembamba tu katikati ya kupitia mtu mmoja. Aliposoma mita na kugeuka kurudi akaona sakafuni, kwenye ile njia, mashimo yamepangika manne manne, mashimo ya skrubu zilizokuwa zimeshikilia viti, akaanza kuhesabu safu, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na alipofika ya tano akasimama. Katika kitabu cha shirika aliandika tarakimu za mita kama ilivyotakiwa, na chini yake akaandika, "Hapa tulikaa mimi na dada. Sasa ni saruji." Msimamizi wake aliyaona maneno hayo akamwita. "Hii ni nini?" "Ni usomaji." "Wa mita ipi?" Msimamizi, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamweleza kwa upole kwamba kitabu cha shirika si cha hadithi, akirudia atamwandikia barua. Mama alipita dukani akanunua daftari la kurasa mia moja lenye jalada la bluu, na hilo ndilo la kwanza katika madaftari ishirini na matatu.

Mtu mwingine angehitaji barua na mihuri ili aingie kwenye majumba yale, yeye alikuwa na sare na tochi, na kwa hiyo aliyaona yote yakigeuka moja baada ya jingine, na akayaandika. Mapacha iliungua moto tarehe 3 Julai 1988, hakuumia mtu. Ya Nje ikawa gereji mwaka 1991, Ngazi ikawa duka la samani mwaka 1994, na Kunguni, hebu sikieni, mwaka 1996 ikawa ghala la magodoro. Kila alipofika, isipokuwa ya Nje iliyokuwa na viti vya kubeba, alihesabu mashimo sakafuni, kwa sababu aligundua kwamba karatasi za majumba hayo zilikuwa zimetupwa au kuliwa na mchwa, na kwamba ushahidi pekee wa watu walikaa wangapi ulikuwa yale mashimo. Pale Sokoni ilimchukua miaka miwili kumaliza, akisubiri saruji ihamishwe upande huu ili ahesabu, kisha ihamishwe upande ule, na wapagazi wa ghala, walipochoka kumwona ameinama na tochi yake, ndio waliompa jina. "Mama Mashimo, leo tumekufungulia kona ya kulia!" walimwita kutoka ndani wakimwona barabarani, naye akaacha kila kitu akaingia. Nyumbani Baba alijaribu kununa kwa ajili ya jina hilo, akisema, "Mke wangu anaitwa Mashimo, watu watanielewaje?" lakini hakuweza kununa zaidi ya siku mbili, hakuwa na uzoefu.

Baba alitutoka tarehe 17 Aprili 2004. Mama alistaafu tarehe 30 Juni 2005, akaagwa ofisini kwa keki na saa ya mezani, na wiki iliyofuata, sisi tukidhani atapumzika, akanunua futi kamba ya mita thelathini, akaanza upya kutoka jumba la kwanza, safari hii akipima kuta, akichora ramani, na akitafuta watu. Alizungumza na mashahidi mia moja na kumi na wanane, wauza tiketi, wachora mabango, wafagiaji, wapenzi wa zamani waliooana na wasiooana, na wengi wenu mlioketi hapa mmo katika hesabu hiyo, basi mnakumbuka kwamba hakuuliza kamwe filamu ilikuwa ipi. Aliuliza ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, na ulitoka kwa mlango upi. Mtu anasahau filamu, alisema, hamsahau aliyekuwa kiti cha pembeni. Mwenye ghala la magodoro alikuja nyumbani kumwomba kwa heshima zote aliondoe jina la Kunguni kwenye madaftari yake, kwa maana litamharibia biashara, Mama akamkatalia kwa heshima hizo hizo, ila akamwongezea mstari chini ya ukurasa, nao bado upo, unasema, "Kunguni waliotajwa hapa ni wa kabla ya magodoro."

Sasa nimefika mahali pangu. Sinema ya Saa Mbovu ilionyesha filamu yake ya mwisho Jumapili, tarehe 28 Novemba 1999, ikafungwa, ikakaa tupu karibu miaka kumi na mitano. Mwaka 2014 mimi nilikuwa na kampuni ndogo ya ujenzi, malori mawili na mafundi kumi na wanne, na mwezi Julai nikapata kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, nayo ilikuwa kulibomoa jumba hilo ili mwenye kiwanja ajenge maduka. Sikumwambia Mama. Nilijidanganya kwamba nasubiri wakati mzuri, mpaka akaambiwa na fundi viatu aliyekuwa na kibanda chake barazani pale, na Jumapili ya tarehe 10 Agosti akaja kwangu amevaa vizuri, akanywa chai, akawauliza wajukuu habari za shule, kisha akanigeukia. "Nasikia umepata kazi." "Ndiyo, Mama." "Kubwa?" "Kubwa." "Hongera, baba." Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hoja zangu nimezipanga mstari, kwamba paa limeoza, kwamba nisipobomoa mimi atabomoa mwingine, lakini hakunipa nafasi ya kutoa hata moja, aliuliza tu, "Utanipa siku ngapi?" Nikamwambia mpaka Ijumaa ya tarehe 22. "Ijumaa ya tarehe 22," akarudia, akaandika.

Siku tisa mfululizo alikuwa mle ndani kuanzia saa mbili asubuhi, amejifunga kitambaa kichwani, fundi viatu akimshikia ncha ya pili ya futi kamba, na akawaleta mashahidi wake, mmoja kwa fimbo, mwingine kwa mkono wa mjukuu, akawaomba wasimame kila mmoja palipokuwa kiti chake. Mafundi wangu walinieleza kwamba kuna mzee mmoja alisimama pale karibu nusu saa hataki kutoka, na Mama hakumharakisha. Jumanne jioni alinipigia simu akasema amebakiza chumba cha projekta na paa, atamaliza kabla ya Ijumaa. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 20, dereva wa tingatinga nililolikodi akanipigia, yuko njiani analileta, kwa sababu kuanzia kesho yake linakwenda mahali pengine kwa wiki tatu, nichague leo au wiki tatu. Nilikwenda pale nikasimama barabarani, simu mkononi, namba ya Mama ikiwa ya kwanza kwenye orodha. Sikuipiga. Nilimwambia dereva, "Anza." Alianza mbele, kwa kuwa ndiko tingatinga lilikoweza kupita, na mbele ndiko kulikokuwa na ile saa, na nyuma ya saa ndiko kulikokuwa na chumba cha projekta.

Mama alifika saa mbili na robo, fundi viatu nyuma yake. Alitazama mpaka vumbi likatua, akaikunja futi kamba polepole hadi mwisho wake, akaitia mkobani, akaja niliposimama, akasema, "Umeniwahi, mkandarasi," akaondoka kwa miguu.

Waombolezaji wenzangu, kuanzia siku hiyo mama yangu aliniita mkandarasi kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Hakuninyima salamu, hakuninyima chakula, wajukuu aliwapenda kama kawaida, lakini jina lake kwangu lilikuwa hilo, alinisalimia, "Habari za kazi, mkandarasi," akanimenyea chungwa, akasema, "Karibu, mkandarasi," na bomba lake la jikoni lilipopasuka alinipigia simu mimi mwenyewe, akasema anaomba kuongea na mkandarasi. Wageni walicheka, wakidhani ni mama anayejivunia kazi ya mwanawe. Mdogo wangu alijaribu kutupatanisha, akamwambia, "Mama, yaliyopita si ndwele," Mama akamjibu, "Kwa watu wengine. Yaliyopita ndiyo kazi yangu." Akamwambia tena, "Lakini huyu ni mwanao." "Nani kakataa? Ni mwanangu, na ni mkandarasi." Mimi nami badala ya kwenda kuomba radhi nilijenga maduka yale nikayamaliza, na siku ya kukabidhi funguo nilipongezwa na watu wengi sana, sikuona raha hata kidogo.

Jumamosi ya tarehe 24 Oktoba 2015, saa nne asubuhi, alikuja kwenye yadi yangu ya kazi, akamwambia karani kwamba hana miadi ila atasubiri, akakaa kwenye benchi na wauza kokoto mpaka zamu yake ikafika. Akaingia, akaketi mbele ya meza yangu, akafungua daftari la ishirini na mbili. "Sura ya Saa Mbovu haina paa," akasema. "Nimeuliza watu wote, hakuna aliyeliona kwa karibu ila wewe. Nimekuja kwa shahidi." Nikamwambia sina cha kumweleza. "Hakuna shahidi asiyeanza hivyo," akasema, kalamu ikiwa tayari. "Siku linabomolewa ulikuwa wapi?" Nikasema nilikuwa barabarani. "Ulikuwa na nani?" Na dereva wa tingatinga. "Ulitoka kwa mlango upi?" Nikasema, "Mama, milango ilikuwa haipo tena." Akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno.

Basi nikatoa kitabu changu cha kazi, maana hata mimi naandika, nadhani mnajua nilikorithi, nikamsomea yote niliyoyaona, kwamba paa lilibebwa na kenchi tisa za mbao, kila moja mita kumi na nane bila kiungo, kwamba nyuma ya plasta ya kuta za pembeni kulikuwa na magunia yaliyoshindiliwa ili sauti isirudi, na kwamba tundu lililotoa mwanga wa projekta lilikuwa na upana wa kiganja changu, nilijua kwa sababu nilipokagua jengo mwezi Julai nilikiweka hapo. Akanitaka nikiweke kiganja juu ya ukurasa, akakichora kwa kukizungusha kalamu, kama anavyochorwa mtoto. Kisha akaiweka kalamu chini. "Kwa nini hukunipigia?" Swali hilo hakuwa akiwauliza mashahidi wengine. Nikamwambia kweli, "Kwa sababu ungeniambia nisubiri, na ningesubiri, na kazi ingenitoka." Akaichukua kalamu, akaandika na hilo pia, akanisomea yote kama alivyowasomea wote, akauliza, "Niandike mkandarasi, au niandike jina?" "Andika jina." "Watu watalisoma, baba." Neno hilo sikuwa nimelisikia mwaka mzima na miezi miwili, nikaitikia kwa kichwa.

Mdogo wangu alipiga chapa madaftari yote, yakawa kitabu cha kurasa mia mbili na sita, kikajalidiwa nakala arobaini tarehe 4 Septemba 2017, zikagawiwa maktaba, shule na familia za mashahidi. Ukurasa wa mia moja arobaini na moja unasema kwamba jumba la Saa Mbovu lilibomolewa Jumatano, tarehe 20 Agosti 2014, siku mbili kabla ya siku iliyoahidiwa, na kwamba aliyelibomoa ni fulani, ndiye mimi, "kifungua mimba wangu, ambaye pia ndiye aliyenipa vipimo vya paa, na bila yeye sura hii isingekamilika." Sikumwomba aufute ukurasa huo, naye hakujitolea kuufuta.

Afya ya marehemu ilianza kutetereka mwaka 2021, na tarehe 16 Machi mwaka huo madaktari walituambia moyo wake umepanuka, akapewa dawa akazinywa kwa saa yake, akaendelea kutembea asubuhi hadi miguu ilipoanza kuvimba. Alilazwa mara ya mwisho Jumatatu, tarehe 14 Agosti 2023. Wodini hakukaa kimya, alimuuliza daktari wake kijana kama amewahi kuingia sinema, daktari akasema ametazama filamu nyingi sana kwenye simu, Mama akampigapiga mkono akamwambia, "Pole." Kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja mshonaji wa sare za shule, wakapiga gumzo siku nzima, na katika gumzo hilo yule mama akasema kwamba kwenye sinema ya Nje jua lilikuwa likiwapiga usoni, na filamu haikuanza mpaka litue nyuma ya ukuta wa kuonyeshea. Katika kitabu chake Mama alikuwa ameandika kwamba ukuta huo ulikuwa upande wa mashariki, kwa kuwa alipokwenda kupima palikuwa gereji tayari na kuta zote nne zilikuwa zimepakwa rangi moja. Alimtuma mdogo wangu akalete nakala na kalamu, akaketi kitandani akafuta neno mashariki akaandika magharibi, akasema, "Nimewapotosha watu miaka sita," na akatuagiza tuzitafute nakala zote arobaini tuzisahihishe. Mauti yalimkuta Alhamisi, tarehe 7 Septemba 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu na miezi minne kasoro siku mbili, mdogo wangu na mimi tukiwa kandoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, ambao walimpa meza ya ziada kwa ajili ya karatasi zake, tunawashukuru majirani waliokuwa wakimpelekea uji bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa shirika la umeme, waliokuja leo na sare zao, wenye maghala, maduka na gereji waliomfungulia milango, na fundi viatu, mzee wetu, aliyeshika ncha ya pili ya futi kamba kwa miaka tisa na hakuwahi kuuliza atapata nini. Shukrani kwa kila shahidi, walio hai na waliotangulia.

Na kabla hatujanyanyuka kuna jambo moja. Nakala tulizokwisha kusahihisha ni kumi na tisa, zilizobaki ni ishirini na moja, na tunajua baadhi ziko majumbani mwenu. Ukifika nyumbani ifungue, ukurasa wa sitini na tatu, mstari wa tisa, futa mashariki, andika magharibi, na asiye na kalamu amwone mdogo wangu hapo mlangoni, anazo. Mama yetu, pumzika kwa amani, hilo tutalimaliza.